Ouma wa Kwenye Kaseti

Harufu ya petroli ya jenereta ilichanganyika na ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa, na nyuma ya ukuta wa mabati mkasikika muziki: sauti nyembamba za mashine, zikijirudia bila kuchoka. Hiyo ndiyo Sindo yangu, kimji cha kando ya ziwa, ya miaka ya tisini. Bwana Swaleh, mfanyabiashara aliyetoka pwani, alikuwa na televisheni na mchezo wa video katika chumba cha nyuma ya duka lake. Wavulana wengine walitaka ngumi na mbio za magari. Kaka yangu Ouma, kichwa ngumu yule, aling'ang'ania kaseti moja tu: kijana mwenye upanga anazunguka vijijini na misituni, anaongea na watu, analala nyumba za wageni. Picha zenyewe zilikuwa viraba vidogo vya rangi, lakini wee! Ukikodoa macho uliona majani yanatikisika na ziwa linameta. Kijana alipewa jina na mchezaji. Ouma akaandika lake mwenyewe, akatutambia weee mpaka tukachoka.

Kisha ziwa la kweli likamchukua. Mtumbwi ulipatikana, yeye hakupatikana. Wazee wakafanya kama sisi Waluo tufanyavyo mwili ukikosekana: tunda refu la mti wa yago likalazwa ndani ya jeneza, likaliliwa kwa jina la Ouma, likazikwa bomani kwetu. Tangu hapo kaka alikuwa amezikwa, na aliyezikwa hapaswi kuzurura. Sasa mtoto wa jirani si akaja kumwambia mama kwamba Ouma bado anatembea kwenye televisheni ya Swaleh! Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria, akanishika mkono, tukatoka na jua la mchana utosini.

Bwana Swaleh aliwasha bila kuuliza. Jina likatokea, OUMA, na chini yake kijana, pale pale kaka alipomwacha, ukingoni mwa maji, akikanyagakanyaga mahali pamoja huku muziki ukizunguka. Nywele zilinisimama. Mama hakulia.

"Anaenda wapi?" akauliza.

"Haendi popote, mama," Bwana Swaleh akajibu. "Anangoja aelekezwe."

Mama akanigeukia. "Akinyi, mwingize kwa nyumba. Alale."

Nilishika vitufe, nikamtembeza, nikamfikisha nyumba ya wageni, nikamlaza. Ukaja ule wimbo mfupi wa kulala, mpole kabisa, na kioo kikaanza kuwa cheusi.

"Zima!" mama akasema, na Bwana Swaleh akazima. Mama akashusha pumzi ndefu. "Sasa amelala." Siku hiyo alikula akashiba, mara ya kwanza tangu matanga.

Bwana Swaleh alinitazama tu, wala hatukumwambia mama. Sote wawili tulijua mchezo ule. Giza likipita, zinalia sauti za kuamka, kunakucha, na kijana anasimama kando ya kitanda. Na ukizima kabla hujahifadhi ulipofika, ukiwasha tena unamkuta pale pale ukingoni mwa maji. Niliogopa duka lile hadi Bwana Swaleh alipouza vitu vyake akahama, na sijui kaseti ilienda na nani.

Leo naishi Migori, na wanangu wanacheza michezo yenye sura ambazo hata jasho unaliona. Ni mizuri, sikatai, lakini hainishtui hata kidogo. Muziki ule wa zamani nao umo kwenye simu yangu, umepigwa upya kwa fidla na vinanda. Mama amezeeka. Kila akija kututembelea huniomba ule wa kulala, anafumba macho, anatabasamu. Nami nakaa karibu yake, kidole juu ya simu, na kabla hazijaingia zile sauti za kuamka, nauzima.