Mkaguzi wa Kitalu cha Vitunguu

Majirani humwita baba yangu Mkaguzi, naye hudhani ni heshima. Miaka kumi na tisa nimelima naye shamba moja, na sijawahi kupalilia mstari ukabaki wangu. Nikimaliza tu, anakuja nyuma na kijembe chake kilicholika hadi kubaki kama kijiko, anakohoa kidogo, anarudia. Ndugu zangu walijiondokea mapema, mmoja fundi cherehani, mwingine dereva, na wakija kusalimia humpongeza baba kwa shamba safi. Mimi nimesimama papo hapo, matope hadi magotini.

Mwaka huu tulisia vitunguu kwenye matuta mawili ya kitalu, mbegu nusu kwa nusu. Miche ya kitunguu ikiwa michanga hufanana na ndago, lile gugu la majani membamba linalochipua hata ukililaani. Kuvitenganisha hakutaki nguvu, kunataka macho. Na baba, kama kawaida yake, akajipa tuta la kwanza.

"Hili niachie mimi," alisema. "Wewe una mkono mzito."

Alikaa juu ya ndoo aliyoipindua, kofia imemfunika nyusi, aking'oa taratibu tangu asubuhi mpaka adhuhuri huku akinipa mawaidha ambayo sikumwomba. Nilipompelekea maji ya kunywa nikatazama tuta. Ndago zilikuwa zimesimama mstari kwa mstari, zimenawiri, zimepewa nafasi ya kupumua. Vitunguu vyote vilikuwa kwenye rundo kando ya mguu wake, vimeshaanza kunyauka.

"Umeona usafi huo?" akaniuliza.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikimwona anamimina chai nje ya kikombe, anamjulia hali mbuzi wa jirani akidhani ni jirani mwenyewe, nami nikanyamaza. Nilitaka siku moja akosee mbele yangu, kosa kubwa, asipate pa kulificha. Sasa nimelipata, na limekula nusu ya vitunguu vyetu vya mwaka mzima. Tuta la pili nalo likienda hivyo, hatuna cha kupandikiza.

"Baba, umeng'oa vitunguu. Huoni."

"Wewe ndiye uliyepanda magugu."

Kisha akainamia tuta, uso karibu uguse udongo, akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Furaha yangu ikaanza kunichachia. Alipoinuka hakunigeukia. Alinyoosha viganja vyote viwili.

"Niwekee. Huku kitunguu, huku hilo lingine."

Nikamwekea. Akaviviringisha kwa vidole, akavinusa. Jani la kitunguu ni la duara, lina uwazi ndani. Ndago shina lake lina kona tatu. Akabeba ndoo yake mpaka tuta la pili, ambalo nilikuwa nimelipalilia mwenyewe jana yake, akaanza kupapasa. Nikamsimamia kama askari, mikono kiunoni, nikisubiri ashike mche nimdake mkono.

Sikupata nafasi hiyo. Baada ya nusu saa alininyooshea kishada cha ndago. Zilikuwa saba. Nilizipekua mara mbili nikitafuta kitunguu hata kimoja, sikukiona.

"Hizi zilikuwa kwenye mstari wako," alisema. "Hayo macho yako mazima unayafanyia kazi gani?"

Miaka yote hiyo nilijiapia kwamba anarudia mistari yangu kwa ubishi tu. Nikapiga magoti mwanzo wa tuta, nikaanza upya, kwa vidole. Nyuma yangu nikasikia ndoo ikiburutwa. Alikuwa anakuja kurudia, na kwa mara ya kwanza nilitaka arudie.