Matufaha Yasiyogusana

Asubuhi hiyo tulikuwa ghalani tukipanga matufaha. Mimi ni mtu wa Misima, Handeni. Baada ya kidato cha nne miguu yangu haikutulia, na kuzurura kukanifikisha milima ya mashariki ya Kongo, kibarua kwa Mama Kavira, mjane mwenye bustani ya matufaha ya Kiingereza iliyopandwa na mlowezi zamani.

"Usiyagusanishe," alinikaripia. "Matufaha ni kama wake wenza. Yakigusana, moja linaozesha lingine."

"Na nikila hili sasa?"

"Utatukana mti wangu bure. Hiyo ni ya kungoja, mtu wa Tanzania. Kiswahili ya shule unayo, meno ya kungoja huna."

Nililiuma hata hivyo. Uchachu ulinikunja uso. Alicheka mpaka akashika ukuta. Tufaha lile huchumwa likiwa gumu, hulazwa gizani juu ya majani makavu ya migomba, na haliliwi mpaka harufu yake ibadilike. Kila siku alipita akinusa, akiondoa lililoanza kuoza.

Mlio wa kwanza tulidhani ni ngurumo.

Wa pili ulitikisa rafu; lilikuwa bomu.

Majirani walipita mbio na magodoro kichwani. Nilimshika mkono. "Mama, twende."

"Tangulia. Nikiyaacha hivi yataoza yote. Natoa mabovu, nakufuata." Akanifungia machache, kila moja na jani lake. "Usile njiani. Pua itakuambia."

Nikashuka na umati.

Nyuma yangu moshi ulipanda, upande wa bustani.

Nilimngoja mpakani mpaka jirani wa mwisho akapita. Alitikisa kichwa tu.

Korogwe nilikorudi, kwa dada yangu Mwanaidi, joto halitunzi tunda. Niliyapanga nyuma ya mtungi wa maji, yasigusane.

"Kaka, umetoka vitani na mayai?" alinitania.

Kila siku niliyanusa, na kila dereva wa lori nilimuuliza habari za Mama Kavira. Mmoja alikuwa amefika kule. Ghala limeungua, alisema. Yule mama hakuonekana tena.

Wiki hiyo harufu ilibadilika.

Nilikata moja, nikampa dada nusu. Lilikuwa tamu, uchachu ukisikika kwa mbali.

"Zuri," dada alisema, akarudi jikoni.

Alisema kweli. Ila hakulionja lilipokuwa kali. Miaka imepita, nimehama miji kadhaa, na sijapata mtu mwingine aliyezijua ladha zote mbili.