Uso Usiokauka

Picha ya mwanangu ilibaki moja tu, na ndani yake uso wake hauonekani vizuri. Amejipaka msiro, ule mti tunaousaga juu ya jiwe kwa maji mpaka utoe uji mweupe, ambao msichana anayesubiri ndoa hujipaka usoni ili ngozi ing'ae siku ya harusi. Aliipiga mwenyewe, kwa simu aliyoletewa na mchumba wake. Kijana huyo alikuwa amepata kibarua kwenye kambi ya gesi, huko Palma, na miaka ile aliyepata kibarua cha gesi alianza kwa kununua simu mbili, yake na ya msichana wake. Mwanangu akamtumia picha hiyo kwa mzaha: mashavu meupe, macho, meno. Siku hiyo hiyo homa ikamshika. Hakutaka mtu amguse usoni. Haikuchukua muda, tukamzika.

Simu nikabaki nayo mimi.

Baada ya miezi kadhaa nikaona kwamba uso wake unanitoka. Nikifumba macho unakuja ule mweupe wa kwenye simu. Nilijaribu kuufuta msiro kichwani mwangu, nione ngozi yake, nione kidoa cheusi cha shavuni, nikawa sijui tena kama kilikuwa kulia au kushoto. Mimi ndiye niliyemzaa, na sikujua.

Shule niliishia darasa la nne. Lakini kwenye ile simu nilikuwa nimemwona mzee mmoja, Mbrazili nadhani, akifundisha kuchora nyuso za watu kwa rangi za mafuta. Antena ya simu ilikuja pamoja na gesi. Kabla yake, hapa Quionga, kaskazini mwa Msumbiji, mtandao tuliusikia tu. Kila baada ya adhuhuri nikawa nakaa mlangoni kumtazama. Kireno chake nilikielewa nusu. Mega za intaneti zikiisha, anabaki ameinua brashi, mdomo wazi.

Nikamwagiza rangi mchuuzi anayevuka mpaka wa Namoto kwenda Mtwara. Alirudi na vityubu vya kuenea kiganjani.

"Mama, kwa hizi utapaka mlango gani?"

"Sipaki mlango."

Kitambaa nilikuwa nacho, kipande cha bafta kilichobaki kwenye sanda yake. Nilikigongelea kwenye fremu ya dirisha bovu, nikakipaka uji wa muhogo kikakakamaa. Mdogo wangu, ninayeishi naye, alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Dada, hiyo si ndiyo ile..."

"Ndiyo."

"Halafu utundike sura ya mtu humu ndani? Malaika wapite wapi?"

"Sitaitundika. Nitaifunika."

Akachukua tena ungo wake. "Basi usimchore mwembamba," alisema. "Yule alikuwa anakula wali wa wavuvi wawili."

Mzee wa kwenye simu alisema rangi ichanganywe na mafuta, akayataja jina, linhaça. Sikuyajua. Kwetu mafuta ni ya nazi. Nimeyakamua tangu utotoni. Tunapikia, tunapaka nywele, tunakandia wagonjwa, na haikunijia kwamba ipo kazi yatakayoikataa. Nikachanganya. Rangi ikalainika, nyumba ikanukia kama jikoni.

Uso ulikuja vibaya. Kwanza ulikuwa wa mdogo wangu, kisha wa marehemu mama yetu. Siku moja ulikuwa wangu kabisa, na mikunjo yote. Na haukukauka. Mvua zikaja, zikaisha. Ukigusa, kidole kinaondoka na shavu. Wadudu wakanasa puani, na vumbi la magari yaendayo kambini likatua kwenye paji la uso.

"Dada, huyu umemchora au umemkaanga?" mdogo wangu aliuliza.

Nilicheka, na yeye akacheka, kisha tukaacha kwa pamoja.

Baadaye nikaona video nyingine, na mwanamke akaeleza kwamba mafuta ya nazi hayakauki, hata ungoje namna gani. Nikaamua kufuta nianze upya. Nilichukua tambara, nikaanza juu, kwenye paji. Nikashuka puani. Nikaenda shavu la kulia, kisha la kushoto, taratibu, nikizunguka jicho. Hapo mkono ukasimama.

Kazi hiyo nilikwisha kuifanya. Siku tuliyomwosha, msiro ulikuwa bado usoni mwake, umekauka, umepasuka. Wenzangu waliniachia mimi. Niliulainisha kwa maji ya uvuguvugu, nikauondoa kidogo kidogo, na chini yake alikuwepo. Kidoa kilikuwa kushoto, karibu na sikio. Uso huo sikuupoteza. Nilikuwa nauzunguka tu, maana ndio pekee ninaoukumbuka bila msiro, na macho yamefumbwa.

Sikuuchora. Nilichukua rangi nyeupe nikampaka msiro, kama kwenye simu, nikamwachia macho wazi. Nyeupe ikachanganyika na rangi ya chini, ikawa kijivu. Mdogo wangu alikuja akachungulia nyuma yangu.

"Ndiye," alisema, akarudi jikoni.

Nimemlaza chali juu ya kabati, maana ukimsimamisha anateremka. Sikumfunika kama nilivyoahidi. Kitambaa chochote nitakachoweka kitaondoka na uso. Mdogo wangu anajua, na habari ya malaika hajaniuliza tena.