Nilimwambia ni Mafua Tu

Mama alinipigia simu Jumatatu, saa nne asubuhi, benchi la zahanati likiwa limejaa. Ulikuwa msimu wa mvua, na huku Biharamulo mvua zikishika, watu wanaokuja kwetu wengi wao wana mafua. Mimi ni muuguzi. Siku hiyo mganga wetu alikuwa ameitwa semina, nimebaki peke yangu, na pua yangu mwenyewe ilikuwa imeanza kuwasha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Za nyumbani?"

"Nzuri. Ila mimi nina mafua. Wiki ya pili hii, hayataki kutoka."

Alisema kwa Kiswahili. Nyumbani kwetu Keza tunaongea Kihangaza, kuanzia jikoni mpaka shambani, lakini ikija habari ya ugonjwa mama alihamia Kiswahili. Kwake Kiswahili kilikuwa cha shule, cha sokoni na cha ofisini, na mimi nilipovaa sare nyeupe niliingia huko ofisini. Sikuwahi kumuuliza kwa nini anafanya hivyo. Nilizoea.

Nikamuuliza kama ana homa. Akasema hana. Nikamuuliza kama anakula. Akasema anakula kidogo.

"Ila nachoka nikitoka kisimani," akaongeza.

"Pumzika, mama. Kunywa maji ya moto. Ni mafua tu, hayana dawa. Yatapita yenyewe."

"Haya. Nikuache ufanye kazi."

Nikaweka simu mfukoni nikamwita aliyefuata, mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni, anataka amoksilini kwa ajili ya mafua. Nikamwambia maneno yale yale niliyomwambia mama, kwa sauti ile ile.

Habari ya mafua kukosa dawa mimi na mama tulikuwa tumeshaizungumza. Ilikuwa mwaka mmoja nyuma, nimekwenda likizo wakati wa kuvuna kahawa. Tulikuwa tumekaa uani tunamenya ndizi, mama anapenga kamasi kwenye ncha ya kanga kila dakika. Akaacha kisu, akanitazama.

"Hivi ninyi mliosoma," akasema, "Ukimwi mmeupatia vidonge, mtu anaishi mpaka anaona wajukuu. Malaria mnayo dawa. Haya mafua, ugonjwa wa watoto, yamewashindaje?"

Nilicheka. Kisha nikaona anasubiri jibu kweli.

Nikamweleza kadiri nilivyofundishwa. Kwamba mafua si ugonjwa mmoja. Yanaletwa na virusi, na virusi hivyo viko vya aina nyingi mno, ukipona hiki mwili umekijua, lakini mwezi ujao kinakuja kingine ambacho mwili haujawahi kukiona. Na hata hicho kimoja hakikai na sura ile ile, kinabadilika kikipita kwa watu. Kwamba dawa anazozipenda, zile kapsuli za rangi mbili, zinaua bakteria, na virusi si bakteria. Virusi vinaingia ndani ya chembe za mwili wako na kuzaliana humo humo, kwa hiyo kuviua bila kukuumiza wewe ni kazi ngumu. Na tena kamasi, chafya, kichwa kuuma, sehemu kubwa ni mwili wenyewe unapigana. Mpaka uipate dawa, uifikishe, ianze kazi, mwili umeshamaliza.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni ukoo mzima," akasema.

"Ni ukoo mzima, mama."

"Basi ukoo haumalizwi na kidonge." Akachukua kisu akaendelea kumenya. Baadaye nilimsikia anamweleza jirani habari hiyo, kwa Kihangaza, kwa fahari, kama vile ni yeye aliyeigundua.

Kwa hiyo Jumatatu ile hakubishana nami. Alikuwa anajua.

Ijumaa asubuhi kaka alipiga. Nilikuwa napanga kadi za kliniki ya watoto. Aliniita kwa jina langu la utotoni, ambalo hajalitumia tangu nikiwa darasa la nne, nikajua kabla hajasema. Jana yake mama alikuwa ameshindwa kuinuka kitandani. Walimpakia kwenye pikipiki, baba amemshika kwa nyuma, mpaka kituo cha afya. Wakaambiwa ni nimonia, mapafu yote mawili. Walimwekea dripu, walimwekea hewa, walifanya kila kitu, alisema kaka. Alfajiri akafariki.

Niliuliza, "Oksijeni ya damu ilikuwa inasoma ngapi alipofika?"

Kaka aliniita tena kwa jina lile. Kisha akasema, "Sijui. Mama amefariki."

"Ndiyo," nikasema. "Nimesikia."

Nilimaliza kupanga kadi. Mwenzangu, yule mganga aliyekuwa semina, alikuja kunikuta nimezipanga zote kwa mwezi wa kuzaliwa, kazi ambayo haikuhitajika. Alininyang'anya zilizobaki akaniambia niende.

Siikumbuki sana safari. Nakumbuka gari dogo lilisimama Nyakahura, watu wakanunua mahindi ya kuchoma, na jirani yangu wa kiti akaniambia yananukia. Mimi sikusikia harufu yoyote. Mafua yalikuwa yameshika sawasawa, pua zote mbili zimeziba, masikio kama yamejaa maji. Nilishukia kwenye lami nikachukua bodaboda mpaka Keza. Mvua ilikuwa imekatika. Barabara ilikuwa matope mekundu, dereva akaniomba nishuke mara mbili ili asukume pikipiki. Nilishuka. Nilipanda. Hakuuliza naenda wapi kwani alikuwa anajua. Alikuwa amepeleka watu msibani tangu asubuhi.

Nyumbani wanawake wamekaa ndani kwenye mikeka, wanaume wako nje kwenye viti vya jumuiya. Mama alikuwa amelazwa chumbani. Nilimwona. Walikuwa wamemfunika kanga yake nzuri, ile ya kwendea kanisani. Niliinama nikaweka uso pale shingoni, mahali ambapo maisha yangu yote palinukia moshi na sabuni ya mche. Nilivuta pumzi kwa pua. Haikupita. Nikavuta tena. Nilisikia tu ule mlio wa kamasi. Mama mdogo, mdogo wake mama, akanishika mabega akanitoa.

Tulimzika Jumamosi, baada ya misa. Na hapa ndipo kitu kilipotokea ambacho sijamsimulia mtu. Machozi yalikuwa yananitoka. Macho mekundu, pua inachuruzika, leso imelowa, sauti imekauka. Kila aliyenitazama alimwona mtoto wa marehemu anayelia. Watu walinipigapiga mgongoni. "Lia mwanangu," mama mdogo aliniambia pale kaburini, "lia, usiyabane." Nami nikajifuta, nikapiga chafya kwenye kiganja, yakatoka mengine. Lakini sikuwa nalia. Ndani hapakuwa na kitu. Nilikuwa natazama jinsi wachimbaji walivyokwangua udongo kwenye majembe yao kwa kijiti, nikawaza udongo wa huku umeshikana sana wakati wa mvua. Katekista alitangulia sala, tukaitikia. Nikatupa udongo wangu. Ulinata vidoleni, ikabidi niukung'ute mara ya pili.

Kama nisingekuwa na mafua wangeniona uso mkavu. Sijui wangesema nini.

Siku ya tatu mama mdogo alichoka kuniona vile. Alichemsha majani ya mkaratusi kwenye sufuria kubwa, akanikalisha kwenye kigoda, akanifunika blanketi nzito.

"Vuta," akasema kutoka nje ya blanketi.

"Mama mdogo, hii haiui virusi."

"Nani kasema kuua? Nimesema vuta."

Nilivuta. Kulikuwa na giza na joto humo, maji yakanitiririka usoni. Kisha alinipa kikombe cha mubilizi, yale majani machungu ambayo kwetu kila ugonjwa unapewa. Nilikunywa chote. Sikusikia uchungu wowote, ulimi ulikuwa kama kipande cha mbao. Mama mdogo alinitazama nikimeza bila kukunja uso, akaogopa kidogo, nadhani. Akanipokonya kikombe akaenda zake.

Mchana huo nilimkuta baba nyuma ya nyumba. Alikuwa amekaa kwenye gogo, anachonga mpini wa jembe ambao haukuhitaji kuchongwa. Nilikaa karibu naye.

"Alikupigia Jumatatu," baba akasema. Hakuuliza.

"Alinipigia."

"Ulimwambia nini?"

Ningeweza kusema nilimwambia aende hospitali. Hakuna aliyesikia simu ile. Baba alikuwa shambani.

"Nilimwambia ni mafua tu, baba. Nilimwambia yatapita."

Baba alipitisha kisu kwenye mpini, ganda jembamba likaanguka.

"Ndivyo alivyotuambia," akasema. "Alikuja shambani kunitafuta, anacheka. Akasema, nimeongea na daktari wangu, ni mafua. Jumanne mimi nikasema twende hata dukani tukanunue dawa. Akakataa. Akasema mtoto amesoma, hayana dawa hayo, nisitupe pesa."

Akapuliza vumbi la mti kwenye mpini.

"Aliamini," baba akasema. "Na mimi nikaamini."

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. Alinyanyua mpini akaukagua kwa jicho moja kama umenyooka, kisha akaniomba nimletee maji ya kunywa, nikamletea.

Nimejieleza mwenyewe mara nyingi, kwa mpangilio, kama ninavyoeleza darasa la akina mama. Nililolisema halikuwa uongo. Mafua hayana dawa mpaka leo. Lakini mafua ya wiki ya pili kwa mtu mwenye umri wa mama si jambo la kuachwa. Virusi vinachubua njia ya hewa, ulinzi unalegea, bakteria wanashuka kifuani. Na hao bakteria dawa yao ipo. Ilikuwa kabatini kwangu, rafu ya pili, siku ile ile nikiongea naye.

Tena alisema. "Nachoka nikitoka kisimani." Mwanamke mwingine angeniambia hivyo benchini ningemkalisha, ningeinua kanga yake, ningehesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kihangaza kina neno la kuchoka kwa kazi, na kina neno jingine la mtu anayetafuta pumzi. Kiswahili cha mama kilikuwa na neno moja tu. Angesema kwa lugha yetu ningesikia, nadhani. Au nisingesikia. Benchi lilikuwa limejaa.

Nilirudi kazini baada ya wiki mbili. Mafua yangu yalikwisha njiani, sijui siku gani hasa. Harufu ilirudi polepole, kwanza spiriti ya zahanati, kisha moshi wa jikoni kwa majirani.

Kazini nimebadilika kidogo, mwenzangu anasema nachelewesha foleni. Kila mwenye mafua namhesabia pumzi, hata kijana aliyekuja akitembea kwa haraka zake. Naweka saa mezani, naangalia kifua kikipanda na kushuka. Wengi wao ni wazima. Nawaambia hayana dawa, wapumzike, wanywe maji, na kisha nawaambia siku gani warudi wasipoona nafuu, na dalili gani wakiziona waje mara moja. Nawaandikia kwenye karatasi. Wengine huiacha karatasi hapo hapo mlangoni, naiokota jioni nikifagia.

Juzi mzee mmoja Mzinza alikasirika. Alikuwa ametembea kutoka mbali.

"Unanihesabu kama mbuzi," akasema, "halafu hunipi hata kidonge?"

"Kifua chako kizima, mzee wangu. Ni mafua."

"Ninyi mmesoma nini huko?"

Nilimpa panadoli za kichwa, akazipokea kwa mikono miwili, akaniambia asante bila kunitazama.

Sijalia bado. Mama mdogo anaamini nililia sana, na huwaambia watu hivyo, kwamba hakuna aliyelia kunishinda mimi. Simkatalii.

Baba yuko na kaka. Naenda kwao kila ninapopata likizo. Mara ya mwisho kulikuwa na jua, maharage yameanikwa uani kwenye turubai. Tulikaa tunaokota mawe na mapepe, tukaongea habari za mbuzi mmoja aliyezaa mapacha, na jirani wa Bugarama anayetaka kununua mmoja. Baba alikuwa anataka kujua kama ni busara kuuza kabla hajaacha kunyonya. Nilisema asubiri. Akasema na yeye aliona hivyo. Wingu likatanda upande wa Burundi, tukasimama, mimi nikashika pembe mbili za turubai na yeye mbili, tukaingiza maharage ndani.