Baba Mkwe Jukwaani

Nilikuwa mpiga debe. Kwa miaka mingi nimelikana jambo hili mbele ya wanafunzi wangu, mbele ya wenzangu wa idara, na mara moja mbele ya padri ambaye wala hakuwa ameniuliza. Nilisema nilikwenda Kyela kufanya utafiti: kwa nini wapiga kura wanamtaka mgombea huyu na si yule. Nilikuwa na kinasa sauti, hojaji na kofia pana ya jua, kwa hiyo uongo ulikuwa na vifaa vyote. Ukweli ni kwamba nilikwenda kutafuta kura moja tu, ya mama yangu mdogo.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Ushirika ulikuwa umekufa, na wanunuzi binafsi walipita vijijini na mizani zao wakinunua kakao kwa bei waliyoamka nayo asubuhi hiyo. Chama kilikuwa kinatafuta mgombea wa urais. Waliojitokeza walipita mikoani kujinadi, kisha wajumbe wa mkutano mkuu wangekutana kumchagua mmoja wao. Mama mdogo, mkulima wa kakao na mpunga huko Ndandalo, alikuwa mjumbe. Mimi nilikuwa na mtu wangu: msomi, mnyoofu, mwenye mpango wa kakao uliopangwa aya kwa aya. Nikawaahidi watu wake kwamba kura ya mama mdogo ipo mfukoni. Sikuwa nimemuuliza mwenye mfuko.

Nilimkuta uani akianika kakao.

"Mama mdogo, safari hii unampa nani?"

"Nampa nani nini?"

"Kura."

"Shika jamvi upande huo. Usikanyage."

Nikashika jamvi. Tukatandaza kakao mpaka mgongo ukaniuma, na kila nilipofungua mdomo alinipa reki. Wajumbe wengine hawakuwa na siri kama yeye, ila majibu yao yalinitia wazimu. Mmoja alimtaka mgombea fulani kwa kuwa alimwona akila usipa, vile vidagaa vya ziwani, na vichwa vyake. Mwingine alimkataa huyo huyo kwa kuwa anacheka kabla ya kumaliza utani wake mwenyewe. Hojaji yangu haikuwa na kisanduku cha vichwa vya usipa. Kuhusu kakao, ambayo walikuwa wameikalia wakati wananijibu, hakuna aliyesema neno.

Nikaamua kutumia mtu mzito. Kiongozi wa kampeni ya mtu wangu pale wilayani alikuwa mzee mmoja, karani mstaafu, aliyevaa koti la sufu hata katika joto la Kyela na kusikilizwa na kila mtu. Mzee huyo alikuwa pia baba mkwe wa mama mdogo. Nililijua hilo tangu utoto, lakini siku hiyo elimu ilikuwa imejaa kichwani, na mambo mengine yalikosa pa kukaa.

Kwetu mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake. Hataji jina lake, hapishani naye njiani, hasalimiani naye. Mkwe naye ana wajibu: anapoikaribia nyumba ya mkamwana wake hukohoa mapema, ili mwenzake apate muda wa kujitenga. Mama mdogo aliolewa nikiwa darasa la kwanza. Tangu wakati huo wawili hao walikuwa wamelima mashamba yanayopakana, wamezika pamoja, wamelea wajukuu wale wale, na hawajawahi kusemezana.

Mimi nikampakia mzee kwenye pikapu ya kuazima na kumpeleka kwa mkamwana wake.

Tulipokaribia akaanza kukohoa. Nikadhani ni vumbi, nikampa maji.

"Ndaga, asante, mwanangu. Nishushe hapa. Nitatembea."

"Kwa jua hili, mzee? Nakufikisha mpaka mlangoni."

Akakohoa zaidi. Nikapandisha kioo chake, kwa huruma. Injini ya pikapu ile ilikuwa na kelele za mashine ya kukoboa mpunga, hivyo hata angekohoa mapafu yakatoka, asingesikika. Nikaingia nayo uani. Mama mdogo alikuwa anapepeta mchele. Alitazama mara moja, akatupa ungo, akatokomea kwenye migomba. Kuku wakaja mbio.

Mzee alikuwa ameshafunika uso kwa kofia. "Rudi nyuma, mwanangu," aliniambia ndani ya kofia. "Rudi kinyumenyume. Usigeuze."

Jioni mama mdogo aliniandalia chakula bila kunitazama, kana kwamba mkwe sasa ni mimi. "Huko chuo kikuu," aliuliza, "wanafundisha nini hasa?"

Mtu angedhani nimejifunza. Wiki iliyofuata mtu wangu alifika Kyela kujinadi, na aliyepanga viti ni mimi. Wajumbe nikawaweka mstari wa mbele, na mzee nikamweka jukwaani, kama mwenyeji, ana kwa ana na mkamwana wake. Mama mdogo alifika, akaona, akatikisa kichwa kidogo kwa masikitiko, halafu akageuza kiti chake na kukaa ameupa mgongo jukwaa, khanga imefunika kichwa. Uwanja mzima ulielewa. Hakuna aliyecheka. Mambo yakaenda.

Asiyeelewa alikuwa mtu wangu. Kwao ni mbali, na utani wa jukwaani alikuwa ameuanza juzi.

"Mama yule wa khanga ya bluu!" alisema kwenye kipaza sauti. "Mbona umenipa mgongo? Umenikataa hata sijasema? Hebu geuka, mama, tuonane!"

Nikampungia mikono aache. Akadhani nawahimiza watu wapige makofi, akapiga mwenyewe. "Geuka, mama, usione haya!"

Niliona mabega ya mama mdogo yakipanda. Kukataa kugeuka ni kumdharau mgeni, na kugeuka ni kumvua heshima mzee mbele ya wilaya nzima.

Mzee akasimama. Akachukua bakora yake, akakohoa, akashuka ngazi za jukwaa taratibu, akaenda nyuma ya lori lililoleta viti, akasimama huko juani na koti lake la sufu. Hapo mama mdogo akageuza kiti, akamtazama mtu wangu usoni, wala hakuondoa macho mpaka hotuba ya kakao ilipokwisha. Mzee hakurudi.

Mimi nilikuwa nimefura. Kiongozi wa kampeni ameacha kiti kitupu, picha imeharibika! Nilimfuata nyuma ya lori nikamwambia hivyo. Alifuta jasho, akaniuliza kama mkutano umeisha.

Siku zilizobaki nilimshambulia mama mdogo kwa hoja. Nilimweleza bei, mizani, ushuru wa mpakani Kasumulu, ada za shule. Alisikiliza yote.

"Hiyo ya mizani umeeleza vizuri," alisema.

"Basi utampa?"

"Aliniambia nigeuke."

"Hakujua, mama mdogo! Yule mtu ni mgeni!"

"Wewe ulijua."

Akafunga mzigo wake akaenda mkutanoni bila kunipa jibu. Watu wa mtu wangu walimtuma mtu kila siku kuniuliza: kura ya Kyela ipo? Nikawajibu ipo, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kakao ya watu.

Mama mdogo aliahidi kupiga simu matokeo yakitoka, dukani kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini Kyela, mwenye ndugu na bidhaa pande zote mbili za Songwe, mto wa mpakani. Nilikwenda mapema. Mzee alikuwa ameshafika, amekaa juu ya gunia la mchele karibu na mlango. Tulisalimiana, tukangoja. Simu ilipolia nikaidaka mimi.

"Mtu wako ameanguka," alisema mama mdogo, bila hata salamu.

Nilifunga macho. "Na wewe je? Ulimpa nani?"

"Nilimpa yeye."

"Ulimpa!" Nilipiga kelele hata mwenye duka akageuka. "Nilijua tu! Ni mizani, siyo? Ni ile bei ya..."

"Mizani gani? Acha kelele. Mzee wa watu alishuka jukwaani akapigwa jua, koti lile, kwa ajili yangu. Alikuwa anamtaka yule mtu. Mimi ningempa nini kingine, na hatusemezani?"

"Lakini mama mdogo, kura ya urais..."

"Ndiyo hiyo niliyokuwa nayo. Mwambie. Ila usimwambie kama mtu anayehutubia. Mwambie tu."

Nikageuka. Mzee alikuwa ameinama, anatazama ncha ya bakora yake, lakini sauti ya mama mdogo ilikuwa kubwa na simu ile mbovu iliimwaga nje yote. Nilipofungua mdomo kumweleza, akanizuia kwa kiganja. Kisha akakohoa, taratibu, mara moja, kama anayekaribia nyumba ya mtu.

Kule upande wa pili mama mdogo alikitambua kikohozi kile. Halafu, kwa heshima zote, akakata simu.