Doa Likae Juu

Hospitalini walimwita Mama Mashuka, na jina hilo hakulipewa bure. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa katika chumba cha kufulia, nyuma ya wodi ya wanawake, akiloweka, akichemsha, akianika na kuanua mashuka ambayo watu huzaliwa juu yake na wengine hufia juu yake. Akigusa shuka moja tu alijua limekauka kweli au linadanganya. Kalamu, kusema haki, aliishika siku ya kutia sahihi ya mshahara tu, na hata siku hiyo aliibana kana kwamba itamtoroka.

Basi asubuhi moja katibu wa hospitali, bwana mpole mwenye miwani, akabandika tangazo mlangoni. Ua wa kuanikia ungegeuzwa maegesho ya magari, na mashuka yangekaushwa kwa mashine mbili. Mwenye maoni tofauti ayalete kwa maandishi, kwa hoja, ndani ya wiki mbili.

Ua ule ulikuwa kazi ya wanawake wanne. Mashine mbili zinataka mtu mmoja wa kubonyeza, na hata mtoto angeweza kupiga hesabu hiyo. Wenzake watatu walisoma tangazo mpaka mwisho, kisha wote wakamgeukia yeye.

"Dada mkubwa, sisi macho yetu kwako."

Usiombe kutazamwa hivyo ukiwa hujui pa kuanzia.

Jumamosi akaenda kwa wifi yake, dada wa mumewe. Wifi huyo alifundisha sekondari, na alikuwa amesahihisha insha za watoto wa watu miaka mingi hata akawa anasahihisha na mazungumzo ya mezani.

"Leo umenikumbuka," wifi akasema. "Au kaka yangu amekufukuza?"

"Anifukuze, halafu nani amtafutie soksi? Nimekuja unisomee."

Akampa kurasa tatu alizozitolea jasho usiku na mchana. Wifi akasoma kimya, kalamu nyekundu mkononi. Alipomaliza akavua viatu, ishara kwamba kazi ipo.

"Wifi, hii si insha. Hii ni sala."

"Kwani nimekosea wapi?"

"Unyenyekevu umeutaja mara tano. Umemtaja Mungu, umetaja wanao, umetaja na goti lako linalouma. Ua wenyewe nimeukuta ukurasa wa tatu, umekaa pembeni kama mgeni asiyealikwa. Katibu kaomba hoja, hakuomba machozi. Wewe unataka nini?"

"Ua usiguswe."

"Basi hiyo iwe sentensi ya kwanza. Kisha sema kwa nini, na kila sababu uipe shahidi. Usimwambie jua ni zuri, hilo analijua. Mwambie shuka hukauka saa ngapi."

Mama Mashuka alirudi nyumbani amenuna, lakini ushauri aliubeba. Wiki nzima alitembea na kijidaftari mfukoni mwa aproni. Mashuka yaliyoanikwa saa tatu asubuhi yaliingia kabatini saa saba. Umeme ulikatika mara tatu katika siku sita, na mara moja haukurudi mpaka jioni. Aliwauliza wauguzi, naye muuguzi mkuu akamwambia kwamba shuka lililopigwa jua halijawahi kurudishwa kwa sababu ya harufu. Yote hayo akayaandika, na safari hii goti lake halikutajwa.

Jumamosi ya pili wifi alisoma akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa unasema." Halafu akaigeuza karatasi ya mwisho, akatazama nyuma yake, kana kwamba kuna kitu kimedondoka. "Na mvua?"

Mama Mashuka akakohoa. Msimu wa mvua uliopita mashuka yalikaa siku tatu bila kukauka, na wagonjwa wengine wa wodi ya wanawake walilalia magodoro matupu. Hospitali nzima ilijua.

"Hilo nimeliacha. Mtu na akili zake atajianika mwenyewe?"

"Upande wa pili nao una hoja yake, wifi. Usipoitaja wewe ataitaja yeye, na hapo utakuwa umeshachelewa kujibu."

"Kwani wewe uko upande wangu au wa magari?"

Akazikunja karatasi zake, akaondoka bila kumaliza chai. Wifi hakumkimbilia. Alikuwa amezoea wanafunzi wa namna hiyo.

Jumatatu walikuwa wakikunja mashuka. Mwenzao mmoja, aliyehamishwa kutoka jikoni mwezi uliotangulia, alikuwa na shuka lenye doa la dawa lisilotoka, na alilikunja vizuri sana, doa likamezwa ndani.

"Likunjue," Mama Mashuka akasema. "Doa likae juu."

"Dada, limechemshwa, ni safi kabisa. Kwa nini nijitangaze?"

"Sikiliza. Mwaka wangu wa kwanza nilificha doa kama hilo. Muuguzi akaja kulitandika mbele ya mama aliyetoka kujifungua, na ndugu zake wote wamesimama pale. Aliaibika yeye, nikaaibika mimi. Mwezi mzima kila shuka lililotoka mkononi mwangu lilikunjuliwa na kukaguliwa, hata lililo jeupe pe. Muuguzi akiliona doa mwenyewe, anajua hatumfichi kitu, na yale mengine tisa ya furushi hayakagui."

Alipofika hapo akaweka mikono juu ya meza, akainama. Mwenzake akadhani amemkasirikia. Lakini Mama Mashuka alikuwa akicheka, akijicheka mwenyewe, maana wifi alikuwa amemwambia jambo hilo hilo na yeye akamwachia chai mezani.

Mchana aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaandika upya. Baada ya sentensi ya kwanza, kabla ya jua na umeme na wauguzi, akaweka hii: "Ua una kasoro moja, na naitaja mimi ninayeutetea. Msimu wa mvua uliopita tulishindwa kukausha mashuka siku tatu, na wagonjwa wetu walilalia magodoro matupu. Ua uezekwe upande mmoja kwa mabati yanayopitisha mwanga, na mashine inunuliwe moja, ya siku kama zile." Wifi alipooneshwa alisema kasoro hutajwa baada ya hoja, ndivyo inavyofundishwa. Mama Mashuka akamjibu kwamba shuleni huenda ikawa hivyo, lakini doa linakaa juu. Na chai safari hii aliinywa yote.

Siku nne baada ya kuipeleka, katibu akamwita. Aliingia ofisini na aproni yake.

"Nimepokea barua saba za kutetea ua," katibu akasema. "Sita hazikutaja mvua." Akavua miwani, akaishika tu. "Siku zile tatu mama yangu mzazi alikuwa wodi ya wanawake. Alilalia godoro tupu."

Mama Mashuka aliona aibu na huzuni kwa pamoja. "Pole sana, baba. Sikujua."

"Najua hukujua. Nilikuwa nasubiri nione kama kuna atakayesema. Wewe ulisema katika mstari wa pili, na baada ya hapo mengine yote niliyasoma kwa kuyaamini." Akavaa miwani. "Mabati yatawekwa, mashine itakuja moja. Ninyi wanne mtabaki pale pale. Magari nitayatafutia mahali kule nyuma ya ghala."

Akamshukuru mara mbili. Katibu akauliza, "Nani alikufundisha kuandika hivi?"

"Mashuka," akasema. Halafu, kwa kuwa haki ni haki, akaongeza: "Na wifi yangu. Ila ukikutana naye, baba, mwambie nimemtaja yeye kwanza."