Nilipokunywa Pombe ya Matanga Yangu

Nilirudi Sepuka enzi ya Mwingereza nikiwa na diploma, ya kwanza kijijini, niliyoipata kwa kujisomesha mwenyewe. Uvumi wa kifo changu ulikuwa umenitangulia, na nikakuta matanga yangu yamekwisha.

Shangazi aliponiona, mchana kweupe, akanimwagia pombe ya mtama chini, miguuni pangu, kama tunavyowatambikia wazee waliokufa. Nami nilikuwa na kiu!

"Shangazi, mimi ni mzima. Akili ikishaamini kitu, macho hufuata. Nimesomea hayo."

"Mnamsikia?" akasema baba mdogo. "Ni marehemu mwenyewe. Alikuwa mbishi hivi hivi!"

Nikamwonyesha diploma. Akaikwepa, akaniomba mvua. Walisadiki kwa dhati kiasi kwamba mimi, na elimu yangu yote, nikajifinya mkono kwa siri.

Mama alinitazama tu, na ndiye niliyetaka anipokee. Kwa hasira nikanyakua kibuyu cha ile pombe iliyosalia matangani, nikanywa mbele ya wakubwa bila kukaribishwa. Mama akainuka na mwiko, akanichapa mgongoni. Nikapiga yowe.

"Huyu ni mwanangu," akasema huku analia. "Mzimu ungekuwa na adabu."